Uuachie Mkono Wangu

Mwanangu Editha,

Umekwenda kwa fundi kuchukua sketi zako, na ninavyomjua yule fundi, utakuta hata kuzikata hajazikata. Kwa hiyo nina muda. Nimefuta meza, nimechana kurasa zilizobaki kwenye daftari lako la zamani, na nimeketi kuandika jua likiwa bado lipo. Mwandiko uuvumilie. Bega langu la kulia unalijua.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kuishi na walimu wenzako. Hayo umenisikia nikiyasema miaka yote, na kama hukuyashika kwa kuambiwa hutayashika kwa kuandikiwa. Barua hii ina jambo moja. Kesho unapanda gari la Kirando kwenda kuanza kazi, na huko Kirando yuko mtu ambaye sitaki ukutane naye sokoni ukiwa bado na uongo wangu kichwani.

Anaitwa Bibi Felista. Jina unalijua. Umekua ukilisikia likitajwa humu ndani kwa sauti ya chini, na mimi ndiye niliyekufundisha kuvuka njia ukimwona. Nilikuambia yeye ndiye aliyeutuma upepo uliomuua baba yako. Nilikuambia pia kwamba siku ile alikunyakua mkononi mwangu ili uende na baba yako, Mungu akakataa.

Ni uongo, wote, mwanzo hadi mwisho. Niliutunga mwenyewe, nikauamini mwenyewe, kisha nikaulisha mtaa mzima. Sasa kama umesimama, kaa chini nikueleze ilivyokuwa.

Kule nilikozaliwa, kisulisuli kikija shambani hatukukikimbia. Bibi yangu mzaa baba alitufundisha hivi: unasimama wima, unainua jembe makali yakiwa juu, unakitukana kile kisulisuli na kumtaja mtu yeyote unayemshuku. Unamwambia, "Nimekuona, pita huko!" Kukimbia au kulala chini ilikuwa aibu, maana yake umekiri kosa mbele ya aliyekituma. Na jembe lilifanya kazi kweli. Mwezi wa nane, nyika ikiwa imekauka, nilifukuza visulisuli karibu kila siku. Vilinijia, vikanimwagia vumbi na majani usoni, vikafa. Hakuna aliyeniambia kwamba vile vidogo hufa vyenyewe, uwe na jembe usiwe nalo. Nikaolewa na baba yako nikiwa na ufundi huo, tena najivuna nao.

Siku yenyewe ulikuwa na miaka saba. Mvua zilikuwa zimekaribia kuisha, na sisi tulikuwa kwenye shamba letu la ukingoni mwa mtaa wetu wa Izia tunatengeneza ntumba, yale matuta makubwa ya mviringo ya kwetu Ufipa ambayo unafukia majani chini yake yaoze. Shamba la jirani lilikuwa la Bibi Felista. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na wewe ulimpenda kwa sababu hakukosa hindi la kuchoma kwenye kikapu. Mchana ule alikuwa ameinama anapanda maharage juu ya matuta yake.

Likaja wingu jeusi, na ndani ya weusi ule mlikuwa na ukijani ambao sijawahi kuupenda tangu hapo. Ikanyesha mvua ya mawe, ikakata ghafla. Upepo nao ukakata. Nikamwambia baba yako, "Imepita hiyo, tuendelee." Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu kule kutulia ndiko kulikokuwa kuja kwenyewe. Mara tukasikia mngurumo, kama malori mengi yanapanda mlima kwa pamoja. Chini ya wingu ukashuka mkia, ukagusa ardhi kule kwenye mikaratusi, na nikaona matawi yanazunguka hewani.

Baba yako akasema, "Mama Editha, twende nyumbani."

Nyumba ilikuwa mbali. Nikautazama ule mkia, haukwenda kulia wala kushoto. Ulikuwa palepale, unanenepa tu. Nikamwambia umesimama, hauji. Kosa la pili. Editha, ukiuona umesimama mahali pamoja na unanenepa, ujue unakuja moja kwa moja ulipo wewe. Hilo halina mjadala.

Ndipo Bibi Felista akapiga kelele: "Mama Editha! Laleni chini! Hapo katikati ya matuta, kwenye mfereji! Mlaze mtoto!" Yeye mwenyewe akajitupa kifudifudi kwenye mfereji wake, akafunika kichwa na shingo kwa mikono.

Baba yako alimsikia. Alikuwa ameshapiga goti moja, naliona mpaka leo lile tope kwenye suruali yake. Na mimi mke wake nikamwambia, "Kizito, unamlalia nani? Wewe mwanamume au nini? Simama!"

Akasimama.

Nimeandika neno hilo peke yake ulione vizuri. Baba yako alikuwa anaelekea kupona, nikamsimamisha. Hakuna mchawi katika habari hii, kuna mimi na mdomo wangu.

Nikaliinua jembe kwa mkono wa kulia, wewe nimekushika kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuutukana ule upepo. Na kwa kuwa desturi ilitaka nimtaje mtu, nikamtaja aliyekuwa mbele ya macho yangu, amelala pale chini. Nikasema, "Felista, nimekuona!"

Wewe ukauachia mkono wangu. Ulikuwa umelowa mvua, ukateleza kama samaki, ukakimbilia kwake. Nikaona anainuka kwa magoti, anakudaka, anakulaza mferejini na kukulalia juu. Baada ya hapo sikuona tena. Jembe liliondoka na bega langu likatoka mahali pake. Nilibamizwa kwenye tuta, na tuta lile bichi, lililojaa majani, ndilo lililonipokea. Baba yako hakupata tuta. Alipigwa na bati lililong'oka huko kwenye mashine ya kusaga. Nilipofumbua macho alikuwa amelala chali, amekwisha kufa, na mvua inamnyeshea usoni.

Bibi Felista mgongo wake ulikuwa umechanwachanwa na vijiti na mawe. Wewe chini yake hukuwa na hata mkwaruzo. Ulikuwa na tope mdomoni na unalilia kiatu chako kimoja.

Jioni ile, bega likiwa limefungwa kwa kanga, nilikuchapa. Hili hulikumbuki, nimekuwa nikikuchunguza miaka yote na najua hulikumbuki. Nilikuchapa kwa mkono wa kushoto kwa sababu uliuachia mkono wangu. Ulikuwa unauliza baba yuko wapi, na mimi ninakuchapa.

Msibani watu wakaanza kuulizana yule mama alijuaje kulala chini, na kwa nini nyumba yake haikuguswa. Waliuliza tu. Aliyejibu ni mimi. Nilisema, "Aliungoja. Mtu anayengoja mgeni wake ndiye anayejua atapitia wapi." Loo, watu walilipenda neno hilo! Na mimi nililipenda kuliko wote. Kwa sababu kama Felista ndiye aliyeutuma, basi hakuna mtu aliyemwambia Kizito asimame.

Hatukumpiga, hatukuchoma nyumba yake. Nilikuwa ninajisifu kwa hilo, eti sisi ni watu wa kanisa. Lakini wewe unajua jumuiya yetu inavyosali, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na unajua ratiba alikuwa anaiandika nani. Katibu nilikuwa mimi. Zamu yake ilipofika, nikaliruka jina lake kwa kalamu yangu na kuandika la jirani anayefuata. Siku iliyofuata akaja mlangoni, amejifunga kitenge cha kanisani. Akasema, "Katibu, jana nilifagia uwanja, nikatandika mikeka. Watu hawakuja." Nikamwambia tulisahau. Mkononi alikuwa na kiatu chako, amekiokota shambani na kukiosha vizuri. Akakiweka kizingitini, akaondoka. Nikakichukua kwa kijiti na kukitumbukiza chooni.

Zamu iliyofuata nikaliruka tena, na mara hii hakuja kuuliza. Wanawake wakaacha kununua maharage yake. Watoto wakamrushia madongoa, na wewe ulikuwa mmoja wao, nikakuona nikiwa dirishani, nikanyamaza. Mwisho akafungasha, akateremka ziwani kwa binti yake anayeanika dagaa Kirando.

Utauliza nilizinduka lini. Nilizindukia kwenye daftari lako. Ulikuwa kidato cha pili, umeacha daftari la jiografia hapa mezani, nami nikalisoma nikingoja maharage yaive. Uliandika kwa mwandiko wako ule wa kulala kwamba hewa yenye joto na unyevu hupanda, hukutana na hewa baridi, hewa huanza kuzunguka, wingu hushusha mkia. Ulichora na picha. Nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine. Nilikuwa namtafuta Felista kwenye lile daftari. Hakuwemo. Maharage yaliungua siku ile, ukanilaumu, nikakufokea. Sasa unajua kwa nini.

Kujua ni rahisi, kusema ndiyo kazi. Nilinyamaza miaka. Halafu mwaka juzi ulipokuwa chuoni, upepo ulirudi. Huo mdogo kidogo, lakini wenye mkia uleule. Nilikuwa shambani na baba yako mkubwa Pius, amekuja kwa bodaboda kunisaidia kupalilia, ameiegesha chini ya mkaratusi. Alipouona akataka kuikimbilia pikipiki. Nikamwambia hutaushinda kwa pikipiki, na chini ya mti ndiko kaburini. Akasema basi tusimame, akashika jembe! Nikaona Kizito mwingine. Nikamkamata suruali, nikamvuta mpaka akaanguka kwenye mfereji, nikalala karibu yake, mikono juu ya kichwa, pua kwenye tope. Ulipita juu yetu ukivuma. Moyoni nilikuwa nauambia, pita, pita mpuuzi wewe, leo hunipati. Tulipoinuka mkaratusi ulikuwa umeilalia pikipiki. Pius mpaka leo anasema alijikwaa.

Palepale, nimejaa tope kuanzia nywele, nikamwambia, "Shemeji, aliyenifundisha kulala ni Felista. Alinifundisha siku Kizito alipokufa, nikakataa kujifunza."

Akasema, "Nyamaza, Mama Editha. Ukisema hivyo mbele za watu, damu ya mdogo wangu itakuangukia wewe."

Nikamjibu, "Iniangukie. Ilikuwa yangu tangu zamani."

Na Jumamosi iliyopita, ulipokuwa mjini unanunua godoro, niliisema kweli. Jumuiya ilisali hapa kwetu. Baada ya sala nikasimama na kueleza yote, goti la baba yako, ratiba, kiatu. Kuna waliolia, kuna waliochukua mikeka yao wakaondoka. Pius ameapa hatakanyaga tena hapa, ndiyo maana hakuja kukuaga, usimtafute. Asubuhi yake mtu akaniambia kisimani kwamba huenda Felista amenifunga akili kutokea Kirando. Nikamwambia, na wewe amekufunga nini, mbona hukuwa nayo tangu zamani? Sijutii. Nimekuwa mwoga kwa miaka mingi nikiwa nimesimama wima, sasa acha niwe jasiri nikiwa nimelala.

Huko unakokwenda kuna walimu wa kila mkoa. Watakutania, wewe si ni wa Sumbawanga, usije ukatupigia radi. Wakicheka kwa utani, cheka nao. Lakini siku mzaha ukigeuka, siku wakimtazama kikongwe mmoja wa pale na kuulizana alijuaje, usicheke na usinyamaze. Hapo ndipo nilipoteleza mimi.

Na upepo nao uujue. Ukiwa karibu na nyumba imara ingia, kaa chumba cha katikati, mbali na madirisha, ujiinamie chini. Kibanda cha mabati usikihesabu kuwa nyumba. Ukikutwa nje usiende mtini, usiende chini ya daraja. Kama uko garini na umeshakukaribia bila jengo la kukimbilia, shuka, sogea mbali nalo, tafuta bonde au mtaro ulio chini kuliko barabara. Lala kifudifudi, mikono kichwani na shingoni, kwa sababu kinachoua zaidi ni vile vitu vinavyorushwa. Utazame mtaro wenyewe, usiwe unajaa maji. Ukishapita, usivamie mabati na nyaya zilizoanguka, misumari na umeme havina huruma. Na kule ziwani mkia hushuka hata juu ya maji. Ukiona wingu limeanza kuuteremsha, usipande mtumbwi hata kama nahodha ni mkwe wako mtarajiwa.

Wafundishe na watoto wa darasa lako. Wapeleke uwanjani kwa mazoezi uwalaze chini, na wewe mwalimu wao ulale na sketi yako mpya. Wazazi watakuja kuuliza ni ushirikina gani huu wa kulaza watoto wao mavumbini. Waambie mama yako alisimama, halafu uwaambie ilivyokuwa.

Sasa Bibi Felista. Muuza dagaa mmoja ameniambia yu hai, haoni vizuri, anakaa barazani kwa binti yake. Nenda ukampe shikamoo. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu, na nitakuja mwenyewe mahindi yakishavunwa, nikae hapo barazani hata kama atanifukuza. Wewe mtajie jina lako tu. Umwambie, "Mimi ndiye yule uliyenilalia." Akikupa mgongo, umepata haki yako. Akikupa hindi, kula. Na ukipata nafasi umuulize alijifunzia wapi kulala chini, na alimpoteza nani. Mimi nilikuwa jirani yake miaka kumi na sikuwahi kumuuliza.

Ukishasoma haya utanichukia, labda kwa muda, labda moja kwa moja. Sikuzuii. Nimekuandikia badala ya kukuambia kwa sababu naujua mdomo wangu, ungeanza kujitetea. Nitaitia barua hii katika mkunjo wa godoro lako, uikute ukitandika kitanda Kirando, mahali ambapo siwezi kukufikia kwa maneno.

Nasikia geti, umerudi, unamlaani fundi. Nimalizie.

Kesho stendi nitakushika mkono. Ninajijua, nitaushika kwa nguvu, nitasema gari bado halijajaa, ngoja kidogo, umechukua chumvi? Konda akiita, usinionee huruma, ingawa utayasoma haya ukiwa umeshafika. Uuachie mkono wangu, Editha. Uliwahi kuuachia siku moja, nikakuchapa, na ndiyo sababu upo.

Mama yako,
Odilia